Mpito Bila Ng'ambo: Uhakiki wa Neno Moja la Siasa

Yako maneno katika siasa ambayo kazi yake ni kueleza mambo, na yako mengine ambayo kazi yake imekuwa ni kuyasitiri. Neno "mpito" lilianza katika kundi la kwanza. Lakini kwa jinsi linavyotumika katika hotuba, ripoti na semina zetu, linaelekea kuhamia kundi la pili. Bei za mazao zikianguka, wakulima huambiwa kwamba hicho ni kipindi cha mpito. Kiwanda kikifungwa, wafanyakazi huambiwa wavumilie mpito. Mradi ukichelewa, kijiji huambiwa kingoje mpito upite. Neno likishatamkwa, mazungumzo hufungwa.

Katika makala hii tunakusudia kulichambua neno hilo, pamoja na neno la Kiingereza "transition" ambalo lenyewe ni tafsiri yake. Hatufanyi hivyo kwa kupenda ubishi wa maneno. Tunafanya hivyo kwa sababu kada asiyejua maana ya neno analolitumia hawezi kuwaeleza wananchi anawapeleka wapi. Na wananchi wasiojua wanapelekwa wapi hawana njia ya kumwajibisha anayewapeleka. Hili ni suala la uongozi kabla halijawa suala la kamusi.

Mifano yetu mingi tutaitoa Kilwa na pwani ya Lindi, na hasa katika kisiwa cha Songo Mnara. Sababu ni mbili. Kwanza, watu wa kisiwa hicho wanaishi kwa kuvuka maji, kwa hiyo lugha yao ya kila siku inatufundisha jambo ambalo lugha ya ofisini imelisahau. Pili, magofu ya Songo Mnara ni ushahidi wa historia ambao unatuwezesha kulipima neno "mpito" kwa mambo yaliyotokea kweli, badala ya kulipima kwa nadharia tupu.

Asili ya neno

Neno "transition" limetokana na Kilatini. Sehemu yake ya kwanza, "trans", maana yake ni ng'ambo. Ya pili, "ire", maana yake ni kwenda. Kwa hiyo katika mzizi wake neno hilo lina maana ya kwenda ng'ambo, yaani kuvuka. Lilipoingia katika Kiswahili cha siasa halikufasiriwa kwa kitenzi cha kuvuka, bali kwa kitenzi cha kupita. Hapo ndipo maana ilipopungua.

Kupita si kuvuka. Mpita njia hana wajibu wowote kwa wenye njia. Anaonekana, anatoa salamu, anaendelea. Wingu hupita, msiba hupita, njaa hupita. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, walikuwa wanatuonya kwamba kinachopita hakikai, wala hakimwachii mtu kitu. Kwa hiyo mwananchi anayeambiwa kwamba shida yake ni ya mpito husikia jambo moja tu: subiri, itapita yenyewe.

Kuvuka ni jambo jingine kabisa. Anayevuka ana pande mbili: upande anaouacha na upande anaouendea. Baina yake pana maji, na maji hayavukiki kwa kusubiri. Panatakiwa chombo, nahodha, na mtu wa kuteka maji yanayoingia chomboni. Tena kitenzi hiki kikinyambuliwa kinataja watendaji waziwazi: yuko anayevuka, yuko anayevusha, na yuko anayevushwa. Pana kivuko, na kivukoni hulipwa nauli. Mtu hawezi kulitumia neno hili bila kuulizwa: nani nahodha, na nani analipa?

Jambo hili halikuwa geni katika harakati zetu. Chuo cha itikadi cha TANU kilichofunguliwa mwaka 1961, kando ya kivuko cha bandari ya Dar es Salaam, kiliitwa Chuo cha Kivukoni. Tangu mwaka 2005 kinajulikana kama Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Jina hilo la kwanza lilitokana na mahali, lakini vizazi vya makada waliosomea hapo walijifunza nadharia ya kuibadili nchi huku wakitazama kila siku maana ya kuvuka.

Hatupendekezi kwamba neno "mpito" lifutwe. Limeshazoeleka, nalo limo katika sheria na katika mikataba. Tunachosema ni kwamba kila tunapolitumia, tulidai kazi yote ya kuvuka.

Somo la Songo Mnara

Songo Mnara ni kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani. Anayetoka Kilwa Masoko huenda kwa chombo, na nahodha huangalia kupwa na kujaa kwa maji kabla ya kung'oa nanga, maana sehemu za ufuko wa kisiwa zimezungukwa na mikoko na matope. Ndani yake yamo magofu ya mji wa Waswahili uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 16: majumba ya mawe, misikiti, makaburi, na ukuta uliouzunguka mji. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya hifadhi yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Kwa muda mrefu historia ya miji kama hii ilielezwa kwa ngazi. Watu walianza na nyumba za udongo, wakapita, wakafika kwenye nyumba za mawe. Walianza na ushamba, wakapita, wakafika kwenye ustaarabu. Na kila ngazi ilidaiwa kuletwa na mgeni kutoka ng'ambo. Historia ya namna hii iliwafaa wakoloni, kwa kuwa iliwafanya wenyeji kuwa abiria katika nchi yao wenyewe.

Uchimbaji umeonyesha mambo tofauti. Tangu mwaka 2009 wataalamu wa mambo ya kale, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliongoza uchunguzi wa Songo Mnara. Walikuta kwamba ndani ya ukuta huohuo, katika zama hizohizo, zilikuwapo nyumba za mawe na nyumba za miti na udongo. Walikuta uwanja mpana ulioachwa wazi kwa makusudi katikati ya mji, wenye makaburi na visima. Walikuta vigurudumu vya kusokotea nyuzi, na sarafu za shaba zilizotengenezwa Kilwa. Haya yanatufundisha nini? Yanatufundisha kwamba mji haukupita tu kutoka udongo hadi jiwe kama mtu anayepanda ngazi. Mji ulipangwa. Yalikuwapo maamuzi: wapi ujengwe msikiti, wapi pabaki wazi, nani akae katika jiwe na nani akae katika udongo.

Na hapa ndipo mchambuzi wa kijamaa anapopaswa kuuliza maswali ambayo neno "mpito" huyafunika. Nani alivunja matumbawe? Nani alikata miti na kuchoma chokaa? Nani alisokota nyuzi, na nani alivaa nguo? Pale ambapo nyumba za aina mbili zinasimama pamoja kwa miaka mia na zaidi, hatuna haki ya kusema kwamba moja ni "hatua" ya kuelekea nyingine. Tunapaswa kuuliza kama hazikuwa maisha ya watu wa hali mbili katika jamii moja.

Yako pia masimulizi ya kale ya Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Yanasema kwamba Ali bin al-Husayn, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Aliyekiuza alikwenda bara, akiwa na nia ya kurudi na watu wake wakati wa maji kupwa, maana wakati huo watu walivuka kwa miguu. Mnunuzi akakichimba kivuko. Maji yakajaa na hayakupwa tena. Aliporudi, mwenye kisiwa alisimama ufukoni asiweze kuvuka.

Wanahistoria hawayachukui masimulizi haya yote kama tukio lilivyotokea, na asili ya Kishirazi yenyewe imejadiliwa sana. Lakini kama fundisho la siasa, hakuna maelezo bora zaidi ya jambo tunalolizungumza. Yule wa kwanza alifikiri kwamba anapita tu, kwamba njia itakuwapo siku zote. Yule wa pili alielewa kwamba mwenye kukimiliki kivuko ndiye mwenye nchi. Nguo zilikuwa bei ya ardhi. Kivuko ndicho kilichokuwa dola.

Halafu wakaja Wareno. Julai 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliingia Kilwa, kikaupora mji na kujenga ngome, ambayo waliiacha mwaka 1512. Mwandishi akisema kwamba mwanzo wa karne ya 16 ulikuwa "kipindi cha mpito" kwa pwani ya Afrika Mashariki, hajasema uongo, lakini ameiondoa mizinga katika maelezo yake. Ubeberu haukupita Kilwa. Uliingia, ukachukua, ukaondoka na mali. Vitendo vyenye mtendaji visifasiriwe kwa neno lisilo na mtendaji.

Mpito wetu wenyewe

Tukitoka katika magofu na kuingia katika siasa yetu, tunakuta kwamba neno hili lilianza kwa heshima. Mwaka 1875, katika uhakiki wake wa programu ya chama cha wafanyakazi wa Ujerumani iliyoandaliwa huko Gotha, Karl Marx alieleza kwamba baina ya jamii ya kibepari na ya kikomunisti kuna kipindi cha kugeuza moja kuwa nyingine. Tuangalie: alitaja pande zote mbili, na akataja kazi ya kugeuza, ambayo haifanyiki yenyewe.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilikwenda kwa njia hiyohiyo. Halikudai kwamba Tanzania ilikuwa imekwisha kuwa nchi ya ujamaa. Lilikiri kwamba ilikuwa nchi ya wakulima na wafanyakazi ambamo mabaki ya ukabaila na ubepari bado yalikuwapo. Kwa hiyo mahali pa kutokea palitajwa. Mahali pa kwendea palitajwa. Na zaidi ya hayo yote, Azimio liliweka masharti juu ya nahodha: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Huu ndio uliokuwa mpito wenye maana, kwa sababu anayevusha alifungwa na sheria kabla ya anayevushwa kutakiwa kuingia chomboni.

Kosa lilianza pale ambapo masharti ya nahodha yalilegezwa katika vitendo, wakati masharti ya abiria yalikazwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara inatoa mfano ulio wazi. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka katika mikoa hiyo ya kusini. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, nazo zinajulikana: bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ulienea, na kuhamishiwa vijijini kuliwaacha wakulima wengi mbali na mikorosho yao. Kijiji kina faida zake. Shule, zahanati na maji ya bomba si mambo ya kubezwa. Lakini mkulima aliyeambiwa kwamba hasara yake ni ya mpito alikuwa na haki ya kuuliza ni nani mwingine aliyekuwa akilipa nauli hiyo pamoja naye. Ofisini hatukumjibu. Naye alijibu kwa vitendo: aliiacha mikorosho msituni.

Neno lilelile, ng'ambo nyingine

Jambo la ajabu kupita yote katika historia ya neno hili ni kwamba liliweza kugeuka nyuma bila kubadilika hata herufi moja. Katika miaka ya 1970 mpito ulikuwa ni wa kutoka katika ubepari kwenda katika ujamaa. Baada ya mwaka 1989, mashirika ya fedha ya kimataifa yalilichukua neno hilohilo na kuziita nchi za Ulaya ya Mashariki "nchi za uchumi wa mpito", wakiwa na maana ya kutoka katika ujamaa kwenda katika soko. Benki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1991, hata ripoti yake ya kila mwaka imeipa jina la mpito. Kivuko kile kile. Mwenye kivuko mwingine.

Nasi hatukuwa mbali na mkondo huo. Agosti 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Februari 1991, kwa uamuzi uliopata jina la Azimio la Zanzibar, miiko ya uongozi ililegezwa. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudishwa kisheria. Kila moja ya hatua hizi ilikuwa na hoja zake, na tusidai kwamba hali ya uchumi ya mwaka 1985 ingeweza kuendelea vilevile. Maduka matupu si ujamaa. Lakini Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano bado inaitaja nchi yetu kuwa ya kidemokrasia na ya kijamaa, na Chama chenyewe bado kinataja Ujamaa na Kujitegemea katika Katiba yake. Basi mwanafunzi akituuliza katika semina, "Huu mpito ni wa kwenda wapi?", tusimkemee. Ameuliza swali la kinadharia lililo halali. Kama ng'ambo iliyoandikwa katika Katiba siyo ile inayoelekezwa na usukani, ni wajibu wetu kulisema hilo na kulijadili, badala ya kulifunika kwa neno.

Majirani zetu wanatupa mizani nzuri. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja nchini Zaire na mwanzo wa mpito. Mpito huo uliendelea miaka saba, akiwa bado madarakani, mpaka alipoangushwa Mei 1997. Mpito usio na mwisho ni utawala tu uliopewa jina jipya. Burundi ilikwenda kwa njia nyingine. Mapatano yaliyotiwa saini Arusha Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Nelson Mandela, yaliweka mpito wa miezi 36. Ulipoanza Novemba 2001 uligawanywa mara mbili: miezi 18 chini ya kiongozi mmoja, na 18 chini ya mwingine. Makabidhiano yakafanyika Aprili 2003. Uchaguzi ulichelewa hadi mwaka 2005, na matatizo ya nchi hiyo hayakuishia hapo. Lakini kwa vile muda uliandikwa, kila mtu aliweza kuona kwamba umechelewa, na kwa kiasi gani. Huo ndio uzito wa tarehe.

Gesi na nishati ya mpito

Leo neno hili limerudi Kilwa kwa sura nyingine. Gesi asilia inaitwa nishati ya mpito: ya kutuvusha kutoka katika makaa, mafuta na kuni hadi katika nishati safi zaidi. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974 Songo Songo, kisiwa kingine cha wilaya hiyohiyo ya Kilwa, na tangu mwaka 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Zaidi kusini, mkoani Lindi, unaandaliwa mradi mkubwa wa kusindika gesi iwe kimiminika. Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell.

Hatuna ubishi na gesi. Nchi maskini ina haki ya kutumia mali yake, na nchi zilizochoma makaa kwa miaka mia mbili hazina uso wa kutufundisha subira. Lakini hata hapa tuulize maswali ya kivukoni. Ikiwa gesi ni ya mpito, itatuvusha mpaka mwaka gani? Mapato yake yananunua chombo gani cha safari inayofuata? Na wavuvi na wakulima wa pwani hiyo, ni wenye chombo, ni mabaharia, au ni ufuko tu ambao chombo kimetia nanga?

Kwamba maswali haya yanajibika, upo ushahidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umesema kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Mtu anaweza kuusifu au kuukosoa. Lakini ameshapewa tarehe na kiasi, kwa hiyo anaweza kuupima. Mpito wa namna hii haukimbii hesabu.

Kazi ya kada

Tunahitimisha kwa pendekezo la vitendo. Kila kada, mwalimu wa siasa au mwandishi wa ripoti anapotaka kuandika neno "mpito", ajibu kwanza maswali manne. Tunatoka wapi? Tunakwenda wapi? Nani anavusha, na nani analipa nauli? Na tutajua kwa dalili gani, na ifikapo lini, kwamba tumefika?

Akiweza kuyajibu yote, neno ni lake, na alitumie bila woga. Akiweza kujibu mawili tu, aandike hayo mawili na akiri kwamba mengine hayajaamuliwa. Wananchi wetu si watoto, wataelewa. Asipoweza kujibu hata moja, basi alifute neno hilo na kuandika kinachotokea kwa jina lake: bei imeshuka, kiwanda kimefungwa, fedha hazikuletwa. Maneno hayo ni mazito kuyasema mbele ya mkutano wa kijiji. Lakini mkutano ukishayasikia, unaweza kuanza kazi.